Chai ya Mkuu wa Gereza

Figo zangu zilipogoma, ukoo wetu ulifanya kile unachofanya siku zote jambo likiushinda: ulikaa kikao. Walikuja Jumapili mchana nyumbani kwangu Igoma, nyuma kidogo ya barabara ya Musoma, wakajaza sebule mpaka tukaazima viti kwa jirani. Mimi ndiye niliyekuwa ajenda, lakini hakuna aliyeniuliza kitu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na ndugu zangu waliamini kwamba haulizwi kingine chochote pia. Nilikaa pembeni na miguu yangu iliyovimba, nikiwasikiliza watu wazima wakijadili nani kati yao ana kiungo cha ziada.

Hospitali ilikuwa imeshanieleza. Mashine ya kusafisha damu ingeniweka hai kwa muda ambao hakuna aliyekuwa tayari kuutaja, lakini nikipata ndugu wa damu wa kunipa figo moja, ningesafirishwa kwenda kupandikizwa na huenda ningerudi darasani. Dada yangu mkubwa ana kisukari. Mama ana presha na umri umekwenda. Watoto wa baba mdogo ni wawili: mmoja alipimwa, damu haikulingana, mwingine siku ya vipimo simu yake haikupatikana, na mpaka leo tukikutana huniamkia kwa heshima kubwa mno. Akabaki mdogo wangu, kitindamimba wetu. Huyu tulijua damu yake inanifaa, kwa sababu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyelala kitandani akanitolea. Shida yake ilikuwa moja tu. Alikuwa gerezani.

Inabidi niseme alichofanya, maana bila kumtaja mtu aliyekufa mkononi mwake mambo haya yote hayaeleweki. Mdogo wangu alikuwa akivua dagaa. Asubuhi moja mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, waligombana na mwenzake juu ya taa za kuvulia, nani aliziazima na nani aliziharibu, akamtandika kwa kasia. Alipiga mara moja. Mahakama ilikubali kwamba hakukusudia kuua, lakini yule mtu alikata roho kabla ya kufikishwa zahanati, akaacha mke na watoto. Kesi ikiwa bado inaendelea, wazee wetu walikwenda kwa ukoo wa marehemu wakalipa njigu, wale ng'ombe ambao sisi Wasukuma hulipa mtu wa kwetu anapokuwa ameitoa roho ya mtu wa wenzetu. Ng'ombe wakapokelewa, wazee wa pande zote mbili wakala pamoja. Kisha mahakama ikamfunga. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu baba afariki, hakulielewa jambo hilo hata siku moja. Alisema tumelipa, na sasa tunalipishwa tena.

Ndiye aliyeunganisha mambo mawili siku ile ya kikao. Alisimama, akavuta koti lake, akasema serikali nayo ni ukoo. Ina wazee wake, ina hasira zake, ina madai yake. Haili ng'ombe, sawa, lakini kila sikukuu kubwa ya taifa tunasikia wafungwa wamesamehewa, kwa hiyo si ukoo usiosikia. Kijana wetu alitoa roho. Sasa mkono uleule unataka kuokoa roho. Twende tukawaambie: sisi tunaleta figo, nyinyi tuachieni miaka iliyobaki.

Sebule ilinyamaza, na kwetu kimya cha namna ile ni kukubali. Mama alianza kulia. Nilimtazama usoni nikaona si kilio cha huzuni. Kwa muda mrefu alikuwa akilala na kuamka akijua anapoteza watoto wawili, mmoja kwa ugonjwa na mmoja kwa kuta, na sasa mtu alikuwa anamwambia wote wawili watarudi kwa safari moja.

Bibi yetu, mzaa baba, alikuwepo na kopo lake la ugoro. Bibi na wajukuu ni watani, na yeye tangu zamani humwita mdogo wangu "mume wangu". Alikuwa kimya muda wote, tukadhani amesinzia.

"Kwa hiyo mume wangu mnamtoa gerezani vipande vipande," alisema. "Leo figo. Kesho mtamtoa nini?"

Watu waliangua kicheko, wakafurahi kupata la kuchekea, na baba mdogo alicheka kuliko wote. Na mimi nilicheka. Lakini maneno yale yalikataa kuondoka na wageni, nikalala nayo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na sina uvumilivu na kitu kisicho na jibu. Wanafunzi wangu wanajua kwamba akija mtu na "inategemea, mwalimu", nitamrudisha ubaoni. Kwa hiyo nililichukua swali hili kama ninavyochukua mengine. Nani anaumia? Mimi napona. Yeye anatoka. Mama anapata watoto wake. Gereza linapunguza mdomo mmoja wa kulisha. Nililipitia kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, likawa linakubali kila mara, na kila mara nikabaki na wasiwasi wa mtu aliyepata jibu sahihi kwa njia asiyoweza kuionyesha.

Hospitalini kiti cha jirani yangu kilikuwa cha mzee mmoja mstaafu, zamani fundi wa injini za meli za ziwani. Saa za mashine ni ndefu na hakuna pa kwenda, mnaishia kusimuliana hata yasiyosimulika. Nilimweleza. Hakufikiria hata kidogo. Alisema yeye angepokea figo hata ya mwizi wa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wawe wake. Nikacheka, nikaona angalau mtu mmoja hana shaka. Siku iliyofuata tulipokutana hakunisalimia kwanza. Alianza moja kwa moja kwamba amelifikiria tena. Akasema ukishazoea kubadilisha miaka kwa figo, itafika siku hakimu ataletewa kijana mwenye afya njema, na nje kuna mkubwa fulani mgonjwa. Hakumalizia. Aligeuza uso dirishani, kule ziwa linakoonekana kidogo kati ya majengo, akalitazama mpaka mashine yake ilipolia.

Nilimkasirikia mzee wa watu. Nilikuwa nimemwachia moyo wangu umekaa vizuri, akanirudishia umevurugika.

Ujumbe wa wazee ulikwenda gerezani. Mimi sikuwemo, ila nilisimuliwa mara nyingi sana, kwa sababu baba mdogo alipenda kuisimulia safari ile. Walikwenda kama watu wanavyokwenda kuzungumzia njigu: yeye na wazee wengine wawili, makoti, fimbo, viatu vimepigwa rangi. Hawakusema shida yao mara moja. Waliulizia kwanza mvua, wakaulizia mifugo, wakaulizia afya ya watoto wa mwenyeji wao. Mkuu wa gereza ni mtu aliyelelewa katika nyumba kama zetu, ingawa ng'ambo ya ziwa. Aliwaamkia shikamoo, akawapa viti ofisini kwake, akaagiza chai na maandazi. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha akasema kwa upole kwamba mambo ya namna hiyo yana sheria zake, na si yeye wa kuyaamua.

Kwa mtu wa ofisini, hilo ni hapana. Kwa baba mdogo halikuwa hapana hata kidogo. Katika mazungumzo ya njigu, upande unaokataa haukupi hata kigoda. Mtaachwa mmesimama juani karibu na zizi, hakuna atakayewaletea maji, na mtarudi kwenu na kiu yenu mkiwa mmeshaelewa. Mtu akikukalisha na ukanywa kwake, mazungumzo yamefunguliwa. Kinachobaki ni kiasi. Na yule anayesema si mimi wa kuamua, huyo anakwenda kuwauliza wakubwa wake, kama ilivyo desturi. "Tumekunywa chai yake," baba mdogo alituambia, na alivyosema hivyo ungedhani ameshamshika kijana mkono wanatoka naye getini.

Kabla ya kuondoka, aliomba kumsalimia mdogo wangu. Akamwambia palepale, mbele ya askari: jambo limefunguka, jiandae.

Nilifurahi. Sitaki kujifanya mtu mwingine. Bibi na mzee wa meli wote nilikuwa nimeshawasahau, nikawa nafikiria nitakapoweza kunywa maji mpaka kiu iishe, bila kupimiwa kikombe.

Haukupita muda mrefu, mkuu wa gereza akanipigia simu akiniomba nifike nitakapopata nafasi. Nilikwenda siku isiyo ya mashine. Nami alinipa kiti. Chai niliikataa kwa sababu ya ugonjwa wangu, na nikaona amefarijika kidogo, kama mtu ambaye chai yake imeshamponza. Akaniuliza kama nafahamu wazee wangu walimwambia nini mdogo wangu. Nikamjibu nafahamu.

Akaniambia kwamba tangu siku ile gereza halina utulivu. Mdogo wangu aliwasimulia wenzake, nao wakaelewa walivyoelewa. Mmoja mwenye kifungo kirefu alikuja kujitolea figo zote mbili, kwa hesabu kwamba ya pili itakata miaka zaidi. Mwingine alisema atatoa jicho. Mwingine aliyebakiza kipindi kifupi tu alikuja kuuliza kwa adabu kama kuna kiungo kidogo kinachoweza kulingana na kifungo chake. Hapo nilicheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka.

"Wanakuja mmoja mmoja, mwalimu," alisema. "Wananifunulia shati waonyeshe kwamba ni wazima. Sijui niangalie wapi."

Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mwanafunzi mzito. Hakuna sheria ya namna hiyo kwetu. Hakuna aliyeahidi kitu. Mfungwa akitaka kumsaidia ndugu yake anaweza kuomba, na ombi litapelekwa panapohusika, lakini hospitali nayo itamhoji peke yake, na ikigundua kuna aliyemshawishi kwa zawadi au kwa vitisho, itasimamisha kila kitu. Kifungo kitabaki kilekile, na punguzo la tabia njema analipata kama wengine, awe na figo moja au mbili. Ni lazima mdogo wangu ayajue hayo kabla hajasema ndiyo. Yeye mwenyewe amemwambia mara kadhaa. Mdogo wangu hucheka, husema afande lazima aseme hivyo, lakini baba mdogo ameshalimaliza.

"Mimi haniamini," alisema. "Wewe atakuamini."

Nilitoka mle na hasira ya kila mtu. Nilimkasirikia baba mdogo na makoti yake. Nilimkasirikia mkuu wa gereza kwa malezi yake mazuri. Angewaacha wazee wamesimama juani, tungeelewana siku ileile. Zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, kwa sababu nilipokuwa nasubiri bajaji pale nje wazo lilinijia lenyewe, bila kuitwa, kwamba si lazima nimwambie mtu chochote. Nikinyamaza, mdogo wangu atasema ndiyo. Hospitali ikimhoji, anaweza kukaa kimya juu ya hiyo miaka, kwa kuwa anaitaka. Mimi nitapona. Yeye atakuja kujua baadaye, kovu likishapona. Nililigeuzageuza wazo lile mpaka nyumbani. Sikulipenda, wala sikulitupa.

Katikati ya wiki hiyo mjane wa marehemu alinitumia salamu kwamba ananihitaji. Anaishi Mabatini, ana kibanda anauza dagaa na nyanya. Kumbe baba mdogo, akiwa bado na joto la chai ile, alikuwa amekwenda kwa shemeji zake huyo mama kuomba waseme kwamba na wao wameridhia. Walikuwa wameridhia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.

Nilikwenda miguu mizito. Sikuwahi kukaa naye ana kwa ana tangu mazishi. Alinipisha kwenye kigoda chake, yeye akakalia ndoo aliyoifudikiza, akaniuliza ugonjwa unaendeleaje, unaumwa wapi, mashine inauma au haiumi. Alikuwa anauliza kweli, si kwa kupitisha muda. Mteja akaja, akampimia dagaa, akamrudishia chenji, ndipo akanigeukia.

"Figo anakupa wewe," alisema. "Mimi ananipa nini?"

Nikaanza kutaja ng'ombe. Akatikisa kichwa. Ng'ombe walikaa kwa shemeji zake, wakazaa hukohuko, wakauzwa hukohuko. Yeye hakupata hata maziwa ya chai. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, mikono yake ikichambua mawe katika dagaa.

"Kilichokuja kwangu mimi ni ile miaka ya hakimu, basi. Nikiamka asubuhi nakumbuka kwamba na yeye ameamkia kule. Sasa hata hiyo mmekaa mnagawana kwenu." Akatupa jiwe pembeni. "Lakini sikuombei ufe, mwalimu. Usiende ukasema nakuombea ufe."

Nilimwambia hakuna miaka inayogawanywa, kwamba yote yalikuwa makosa ya wazee, na kifungo kiko palepale. Nilitegemea afurahi. Yeye akaniuliza: kwa hiyo figo utapata wapi? Akanifungia dagaa katika gazeti, akakataa nilipe, nikaondoka nao mkononi, ingawa mimi dagaa nimekatazwa. Sijui mpaka leo kama mama yule alinionea huruma au alinishitaki, na sijui kama yeye mwenyewe anajua.

Jumamosi nilikwenda kumwona mdogo wangu. Wageni huongea na wafungwa kupitia wavu, askari akiwa kando, na lugha ni Kiswahili ili askari asikie. Sisi wawili tangu tumezaliwa tumeongea Kisukuma. Mambo ya nyumbani kwa Kiswahili hutufanya tuwe kama watu wawili waliokutana benki. Alikuja katika nguo zake za rangi ya chungwa, amekonda, lakini ana furaha ambayo sikuiona tangu afungwe. Alianza kabla sijakaa sawa. Wanatoa ya kulia au ya kushoto? Mtu mwenye figo moja anaweza kubeba mzigo? Ziwani harudi tena, alisema, hataki kuliona. Akitoka atajifunza kuchomelea vyuma, atafute pa kujishikiza hapohapo Igoma karibu na kwangu, na watoto wangu atawatengenezea geti zuri kuliko lile bovu.

Nilimwacha aongee. Nikajiambia amalize tu habari ya geti. Alipomaliza geti akaingia kwenye madirisha, na hapo niliona nikimwacha amalize nyumba nzima sitasema tena.

Nikamwambia. Nilimwambia baba mdogo hakuelewa, mkuu wa gereza hakuahidi, sheria haipo, hospitali yenyewe haitaki mtu anayelipwa. Nilisema haraka, Kiswahili kikanyooka kama cha taarifa ya habari.

"Hata mwaka mmoja?" aliuliza.

"Hata siku moja."

Alimtazama askari. Askari akatazama ukuta, na mdogo wangu akajua kwamba ni kweli. Ile furaha ilimtoka usoni polepole, nikaiona yote ikiondoka. Nilitamani anitukane. Badala yake alikaa akijishika ubavuni, mahali penyewe, bila kujua kwamba anajishika.

"Naogopa kisu, dada," alisema baadaye. "Nilikuwa naogopa tangu mwanzo. Nikawa najiambia, nikiamka nitakuwa nje."

Nikamwambia hakuna anayemlazimisha. Ni maneno mazuri, na niliyasema vizuri.

Akafikiri. Kisha akaniuliza swali, na naapa hakuliuliza kwa ubaya. Aliliuliza kama tulivyokuwa tukiulizana vitendawili tukiwa wadogo, akitaka kusikia.

"Wangekwambia figo utapata, ila uje umalizie wewe miaka yangu humu ndani. Ungekuja?"

Nilifikiria watoto wangu. Nilifikiria wanafunzi wa darasa la mtihani. Nilifikiria choo cha humo ndani, na mlango ukifungwa jioni. Nilijua jibu la kusema ni lipi, na lilikuwa neno moja tu fupi, na lingempa raha. Sikulisema. Wala sikusema hapana. Nilibaki nimemtazama kama mwanafunzi aliyesimamishwa ubaoni, na yeye akawa ananingoja, na alipoona nimechelewa sana akanionea huruma, akatikisa kichwa kwamba basi.

"Nisubiri nitoke," alisema. "Nikitoka nakupa. Nitakwenda hospitali kwa miguu yangu, hakuna atakayesema nimenunua kitu."

"Na nikifa kabla?"

Aliingiza vidole viwili kwenye tundu la wavu. Kugusana hakuruhusiwi, na askari alikohoa, lakini hakuja. Na mimi, mkono wangu ukiwa unaelekea pale penye vidole, nilisikia maneno mengine yanakuja mdomoni: kwamba baba mdogo anaweza kurudi tena, kwamba yule bwana si mtu mbaya, kwamba sikukuu zipo na huenda jina lake likaonekana. Yalikuwa yameshapanga foleni. Nilitaka kuishi, na hakuna kitu kingine kilichokuwa na sauti ndani yangu wakati ule. Nikafungua mdomo.

Askari akasema muda umekwisha. Mdogo wangu akasimama, akavuta vidole vyake, akaondoka bila kugeuka nyuma. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeyasema. Siku nyingine najibu ndiyo, siku nyingine hapana, na zote mbili huwa na hakika nazo.

Mama alikuwa ananingoja mlangoni. Baba mdogo alikuwa ameshapiga simu kuulizia, akipiga tena mara kwa mara, na nilipomweleza akasema hilo si jambo la kukatisha tamaa, aliyesema nisubiri hajafunga mlango. Nikakata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima.

Mama alinivua viatu, kwa sababu nikivimba siwezi kuinama. Alisikia yote akiwa chini pale, kichwa kimeinama, na nilipofika mwisho hakuinuka.

"Kwa hiyo amekubali au amekataa?"

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Nilikuwepo. Sijui."

Akakishika kiatu kimoja mkononi bila kukiweka chini. Akasema zamani alikuwa anatuombea maombi mawili, mimi nipone, yule atoke. Baadaye baba mdogo akamwambia ni ombi moja, akazoea kuomba hilo moja. Sasa akipiga magoti hajui aanze wapi, maana akiomba yule atoke ni kama anaomba kwa ajili ya figo, na akiomba mimi nipone ni kama anamwendea yule na kisu.

"Niambie niombe nini," alisema. "Nitaomba hilohilo utakalosema."

Nilitaka kumpa jibu moja la kueleweka, la mtu mzima aliyesoma.

"Omba nifike siku atakayotoka," nikamwambia.